Kichwa Kinazunguka, Hakiendi

Ujumbe wa kwanza niliofungua wiki hii ulitoka Kabambare, huku kwetu Maniema, Kongo, na ulikuwa na mstari mmoja tu: "Yaya, kichwa changu kinazunguka lakini hakiendi. Nifanye nini?" Kwa mazoea ya kona hii nikaanza kuandaa majibu mawili, moja la malaria na lingine la mapenzi. Nikamwuliza, kinazunguka tangu lini? Akajibu: tangu nilipokifungia mota ya redio ya baba.

Ndipo nikaelewa. Mwenzetu ametengeneza kichwa cha treni.

(Kwa wasomaji wa Dar na Mombasa: kwetu yaya si mtu wa kulea watoto wa wengine kwa mshahara. Yaya ni ndugu mkubwa. Ingawa kuna siku sioni tofauti.)

Siku mbili baadaye ukaja ujumbe mwingine, huu wa Kasongo, kutoka kwa binti anayesoma sekondari. Mjomba wake anayeishi Ubelgiji amemletea treni ya kuchezea ya umeme, yenye reli zake ndogo. Inatembea kwa kushtuka: inaruka, inasimama, ukiigusa kidogo inaruka tena. Kaka zake wanamwambia tatizo ni mikono ya kike. Nimeamua kuwajibu wote wawili leo, kwa sababu magonjwa yao ni ndugu.

Mimi nimezaliwa Kasongo, na mtoto wa Kasongo huijua treni kwa masimulizi kwanza. Reli iko ng'ambo ya Lualaba, pale Samba, kwenye njia ya Kindu hadi Kongolo. Njia hiyo ya kilomita 355 ilikamilika 1910, ikajengwa kwa kuwa katikati mto una maporomoko na meli hazipiti. Mara ya kwanza kuiona nilikuwa na miaka tisa, nimefuatana na shangazi mwenye magunia ya mchele. Watu wote walikuwa wanatazama mabehewa wapate nafasi. Mimi nilikuwa nimechuchumaa, natazama gurudumu la chuma linavyoikanyaga reli ya chuma. Pale vinapogusana si pakubwa kuliko ukucha wa kidole gumba. Shangazi alinivuta sikio nikapande, lakini lile swali nililibeba mpaka leo: chuma laini juu ya chuma laini, mbona hakitelezi?

Hata wahandisi wa zamani walijiuliza hivyo. Mwaka 1812, huko Leeds, Uingereza, kichwa cha John Blenkinsop kilipewa gurudumu la meno linalouma meno ya reli, kwa hofu kwamba gurudumu laini litazunguka bure. William Hedley, wa mgodi wa makaa ya mawe wa Wylam, hakutaka kubishana kwa maneno. Alitengeneza kigari, akakipakia uzito, akaweka watu wayazungushe magurudumu kwa mikono, aone kitavuta kiasi gani kabla ya kuteleza. Kikavuta. Jaribio hilo ndilo lililozaa kichwa kinachoitwa Puffing Billy, cha 1813 na 1814, ambacho mpaka leo kiko makumbusho London. Alichogundua ni kwamba uzito, ukikaa mahali pake, unatosha.

Sasa, mdogo wangu wa Kabambare. Shika kichwa chako kwa nyuma, kizuie kisiende, halafu washa. Ama magurudumu yatazunguka palepale yakiteleza, ama yatasimama na mota italia. Yakisimama, tatizo ni nguvu: mota ni dhaifu au giya haziipunguzi mbio vya kutosha, na ukiongeza uzito utaiunguza. Yakiteleza, mota inatosha, kinachokosekana ni kukanyaga. Umeniambia yanateleza. Vizuri sana. Kichwa kilichotengenezwa sawasawa kinatakiwa kiteleze kabla mota haijakwama, maana kuteleza hakuvunji kitu.

Kisha nikaitazama picha uliyonitumia. Kichwa cha kopo la maziwa, bomba la moshi la kifuniko cha kalamu, hata kengele umeweka. Kazi nzuri, hasa kwa mtu wa Kabambare, ambako treni haifiki. Lakini betri ziko wapi? Mawe manne ya tochi, yale makubwa, umeyapanga kwenye behewa la nyuma na kuvuta waya mpaka kwenye mota! Umechukua uzito ambao ungekusaidia, ukaugeuza mzigo.

Tupige hesabu. Chuma kikavu juu ya chuma kikavu hushika kwa karibu robo ya uzito unaokikandamiza. Kikiwa na mafuta au unyevu, kushika huko hupungua sana. Kichwa chako, tuseme, kina gramu 300. Robo yake ni 75, na mvuto wako hauwezi kuzidi hapo. Kila jiwe la tochi la bei rahisi lina kama gramu 100, manne ni 400. Yahamishie ndani ya kopo, juu ya magurudumu yanayozungushwa na mota. Sasa kichwa kina gramu 700, mvuto unakaribia 175, na behewa limepungukiwa na gramu 400. Umepata zaidi ya mara mbili bila kutoa hata faranga moja.

Nimesema juu ya magurudumu yanayozungushwa, na nasisitiza. Uzito ulio juu ya gurudumu linaloburutwa tu haukuvutii kitu. Mota yako inazungusha ekseli ya nyuma peke yake. Basi betri zikae nyuma, lakini zisizidi hadi pua ya kichwa ikanyanyuka. Ukitaka kufanya kazi ya mtu mzima, unganisha ekseli zote mbili kwa mkanda wa mpira, au kwa vyuma vya pembeni kama vichwa vya mvuke. Wengi hudhani vile vyuma vinavyopanda na kushuka ni mapambo. Kazi yake ni kulifanya kila gurudumu livute, ili uzito wote uhesabiwe.

Uzito ukiwa bado hautoshi, jaza nati na bolti za zamani. Usijaze risasi ya betri ya gari. Najua wako vijana wanaoiyeyusha kwenye kikaango ili wapate uzito. Moshi wake na vumbi lake ni sumu, inaingia kwenye damu na kwenye ubongo wa wadogo zenu wanaotambaa sakafuni, na haionyeshi dalili mapema. Hapo sitanii. Na wewe mwingine uliyeniuliza kuhusu mchanga mweusi wa kasiteriti, madini ya bati: ni mzito kweli, unakaribia chuma, lakini una wenyewe na una makaratasi. Achana nao, nati zinatosha.

Kuna njia nyingine ya kuongeza kushika, nayo ni mpira. Chukua mpira wa ndani wa kinga iliyokwisha kazi (baiskeli, kwa wale wa pwani), kata pete nyembamba, ivishe kwenye gurudumu. Mpira juu ya reli za mwanzi au za mbao hushika mara mbili ya chuma, na zaidi. Ila ikate pete kwa mkasi wenye makali, upana uleule pande zote. Gurudumu la kulia likiwa nene kuliko la kushoto, kichwa kitakuwa kinavuta upande kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Magurudumu ya kandambili hayahitaji pete, yenyewe ni mpira, lakini mengi hukatwa kwa macho na huwa na umbo la yai. Yachome msumari katikati, yazungushe dhidi ya msasa mpaka yawe duara. Gurudumu la umbo la yai ndilo linalofanya kichwa kipepesuke, na hakuna mafuta yatakayolitibu.

Nije kwenye jambo ambalo wengi hawalioni. Juzi nilikiweka kichwa cha mpwa wangu juu ya kioo cha meza, nikachukua kipande cha karatasi ya daftari na kujaribu kukipitisha chini ya kila gurudumu. Chini ya matatu kilikwama. Chini ya la mbele, kulia, kilipita bila kuguswa, kikatokea upande wa pili. Gurudumu moja lilikuwa linaning'inia hewani, na mwenyewe alikuwa anashangaa kwa nini mashine yake inapiga chafya. Chombo cha miguu minne kwenye sakafu isiyo sawa lazima kitikisike. Mama zetu walilijua hilo, ndiyo maana jiko lina mafiga matatu, wala si manne. Tulifanya hivi: ekseli ya nyuma tukaiacha kama ilivyo, ya mbele tukayapanua matundu yake kwa juu na chini, kisha tukafunga skrubu moja katikati ya fremu, ncha yake ikae juu ya ekseli. Sasa ekseli ya mbele inabembea, upande mmoja ukipanda mwingine unashuka, na kichwa kimesimama kwenye sehemu tatu. Karatasi ilikwama chini ya magurudumu yote. Mpwa wangu alirudia kuipima mara sita.

Kabla hujaendelea kukilaumu kichwa, yapime mabehewa. Chukua ubao wa mita moja, weka behewa juu yake, inua upande mmoja polepole mpaka lianze kushuka lenyewe. Pima umeinua sentimita ngapi. Likianza kwenye sentimita 3, linataka nguvu ya asilimia tatu ya uzito wake. Hilo ni behewa jema kwa kazi ya mikono. Likingoja mpaka 10, wewe unavuta sanduku. Mara nyingi ekseli inasugua kwenye bati. Chomeka kipande cha mrija wa kalamu ya wino kwenye tundu, ekseli izungukie ndani yake. Na kilima ni hesabu hiyohiyo: reli ikipanda sentimita 2 kwa kila mita, treni ya kilo moja inakudai gramu 20 zaidi. Reli za kweli huzunguka vilima kwa sababu hiyo.

Kichwa kikishaanza kwenda kitaanguka kwenye kona, nakuonea huruma, maana reli zako mahali fulani zimepanuka na pengine zimebana. Hata wakubwa wamepatwa na shida ya upana. Njia yetu ya Kindu na Kongolo ilikuwa na upana wa milimita 1,000 tangu mwanzo. Mwaka 1955 ikabadilishwa kuwa 1,067 ili ilingane na reli za Katanga. Tofauti ya vidole vinne tu, lakini bila kuiondoa, behewa la huku halikanyagi kule. Basi kata kijiti kimoja cha kipimo na ukipitishe katikati ya reli kwenye kila taruma unalopigilia. Ukitaka treni yako ifanane na ya Samba, gawa 1,067 kwa 20, upate milimita 53.

Sasa mota. Ya redio ya kaseti si nzuri kwa treni, na wengi hawajui kwa nini. Ndani yake ina kidhibiti cha mwendo, maana wimbo haukutakiwa kuzubaa betri zikichoka. Kwa hiyo umeme ukipungua yenyewe inang'ang'ania mbio zilezile, na kuondoka taratibu haiwezi. Inaruka. Tafuta mota inayotoa na kurudisha sahani kwenye mashine mbovu ya DVD. Ni ndogo, ni tiifu, na mara nyingi inakuja na mkanda wake wa mpira na giya za plastiki. Mkanda ukitoka kwenye puli ya milimita 4 kwenda kwenye gurudumu la milimita 40, umepunguza mbio mara kumi na kuongeza nguvu karibu kiasi hicho hicho.

Mafuta. Hapa ndipo Maniema tunapojimaliza. Mafuta ya mawese ni ya sombe (kisamvu, kwa wale wa pwani)! Ukiyatia kwenye ekseli, siku ya kwanza treni inateleza kama samaki, siku ya tano yameganda, yameokota vumbi jekundu, na una gundi. Nenda kwa fundi cherehani, mwombe tone la mafuta yake. Tone moja kwa ncha ya sindano kwenye kila ekseli. Lisifike kwenye uso wa gurudumu wala kwenye reli. Na wale wanaouliza kuhusu mchanga: ni kweli vichwa vya treni vina sanduku la mchanga wa kumwaga mbele ya magurudumu reli ikiwa na utelezi, vingi vya mvuke vililibeba juu ya tanki la maji moto ili mchanga ukae mkavu. Kwenye mashine yako ndogo mchanga utaingia kwenye giya na kuzitafuna. Usijaribu.

Binti yangu wa Kasongo, usidhani nimekusahau. Kwanza kaka zako. Huyo anayesema mikono ya kike mpe sindano ya cherehani atunge uzi, umtazame. Kazi ya treni ndogo ni ya namna hiyo, haitaki misuli.

Treni yako ni ya aina nyingine: umeme unapita kwenye reli, unapandia magurudumu ya chuma, unafika kwenye mota. Kila inaposhtuka, maana yake umeme umekatika nukta moja. Funga kitambaa cheupe kwenye kidole, kichovye kwenye spiriti, kipitishe juu ya reli mita moja. Kitatoka na mstari mweusi. Hayo ni masizi ya cheche ndogondogo, mafuta na vumbi la kwenu. Safisha reli zote, halafu kigeuze kichwa chali na usafishe magurudumu, na vile vibati vyembamba vinavyoyagusa kwa nyuma. Visiposhika gurudumu, vipinde kidogo sana kwa ncha ya sindano. Msasa usiutumie kwenye reli. Unaacha mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni nyumba ya uchafu. Spiriti ikauke kabisa kabla hujawasha, kwa sababu cheche na spiriti havikai pamoja. Na kama duka la dawa limefunga na mtu akakushauri utumie lutuku, pombe kali ya jirani, mimi sikuwepo.

Kichwa cha namna yako huwa na pete za mpira kwenye gurudumu moja au mawili. Zikikauka na kupasuka, kinateleza na kuyumba. Pete iliyokatwa kwenye kidole cha glovu ya hospitali itakusogeza wiki chache mpaka mjomba atume zenyewe. Usivishe magurudumu yote, maana mpira hauchukui umeme na utakuwa umejifungia mlango.

Umesema unatumia betri ya pikipiki inayochajiwa na sola. Inafaa, mradi treni yako ni ya volti 12 za mkondo mnyoofu. Soma maandishi ya chini ya kichwa. Märklin za zamani za Ujerumani zilitaka umeme wa kwenda na kurudi, hizo usiziunganishe. Hatari ya betri ya pikipiki ni kwamba ina nguvu nyingi mno kwa waya mwembamba. Kijiko kikianguka juu ya reli mbili, waya unaungua, na meza nayo inaweza kufuata. Weka balbu ya taa ya breki ya pikipiki, ya wati 21, katikati ya waya mmoja unaotoka kwenye betri. Kila kitu kikiwa salama balbu itakaa gizani au itafifia tu. Reli zikigusana, balbu itawaka kwa nguvu, umeme hautapita ampea 2, na wewe utapata nafasi ya kuondoa kijiko.

Ukimaliza kusafisha, usikifungie mabehewa papo hapo. Kiache kizunguke peke yake nusu saa kwenda mbele, nusu saa kurudi nyuma, mwendo wa wastani. Mafuta yaliyolala yataamka, giya zitazoeana.

Mwisho kazi ya nyumbani, kwenu wote wawili na wengine mnaosoma kimyakimya. Funga uzi nyuma ya kichwa, upitishe juu ya kigurudumu cha uzi wa kushonea ukingoni mwa meza, ning'iniza chupa ndogo tupu ya plastiki. Washa, kichwa kivute. Ongeza maji kwa bomba la sindano, lisilo na sindano yenyewe, mpaka magurudumu yaanze kuteleza. Mililita moja ya maji ni gramu moja, kwa hiyo mizani huhitaji. Niandikieni mmefika mililita ngapi kabla na ngapi baada. Mpwa wangu, kwa pete za mpira na mawe manne ya tochi, amefika 310, na nyumbani hatulali kwa majivuno yake.

Na wewe wa Kabambare, mota ya DVD ukishaipata, rudisha ile ya kaseti mahali pake kabla baba hajatia kaseti yake.